Kijana Wetu Anataka Kurusha Helikopta ya Jeshi: Kikundi Kimsaidie Vipi?



Nchi inapopatwa na mafuriko, helikopta za jeshi huonekana angani. Mwaka wa 2024, mvua za Machi hadi Mei zilipobomoa nyumba na kukata barabara, wanajeshi walitumia helikopta kuwatoa watu waliozingirwa na maji. Watoto walitazama juu, na wengine wakaamua papo hapo: "Mimi nitarusha hiyo." Miaka inapita, mtoto anamaliza shule, na wazo bado liko palepale. Ndipo mzazi anasimama katika mkutano wa kikundi na kuuliza: "Jamani, nifanye nini? Niuze ng'ombe? Nitafute mkubwa fulani Nairobi?"

Jibu letu tunalitoa mapema. Usiuze ng'ombe, na huyo mkubwa mwache alipo. Ombi lenye nguvu halinunuliwi. Hujengwa polepole, miaka mingi kabla ya tangazo kutokea gazetini. Linajengwa kwa vitu vitano: masomo, mwili wenye afya, hati zilizo sawa, jina safi, na sababu ya kweli. Hakuna mtu awezaye kukuuzia hata kimoja. Lakini karibu vyote, kikundi cha kijijini kinaweza kuvisaidia.

HAKUNA FOMU YA HELIKOPTA

Wengi hudhani kijana huandika barua ya kuomba kurusha helikopta. Hapa Kenya sivyo. Raia huomba kujiunga na Majeshi ya Ulinzi, yaani KDF, akiwa kadeti. Kadeti ni mwanafunzi wa uafisa. Akichaguliwa, hupelekwa katika chuo cha kijeshi kilichoko Lanet, karibu na Nakuru. Huko hufundishwa kwanza kuwa askari na kuongoza askari wenzake. Urubani huja baadaye, kwa wale waliopangiwa kazi hiyo na kufaulu vipimo vyake. Huanza na ndege ndogo za mafunzo, halafu jeshi lenyewe ndilo huamua nani aende helikopta na nani aende ndege za aina nyingine.

Uko mlango mwingine wa kuingia jeshini, ule wa makurutu, ambao hufunzwa Eldoret. Huo ndio unaojulikana zaidi vijijini, kwa sababu vijana huitwa uwanjani, wakakimbia na kupimwa mbele ya watu wote. Ni kazi ya heshima. Lakini marubani hutoka upande wa maafisa. Kwa hivyo kijana akiambiwa, "Wewe kimbia tu, utakuwa rubani," ameelekezwa njia isiyo yake.

Maana yake ni hii: anayeomba hapimwi urubani kwanza. Anapimwa kama anafaa kuwa afisa. Ombi lake lionyeshe hivyo.

KWA NINI WANATAKA HESABU NA FIZIKIA?

Vijana wengine hulalamika: "Mimi nataka kurusha ndege, mambo ya hesabu ni ya nini?" Hebu tueleze kidogo jinsi helikopta inavyofanya kazi.

Helikopta haina mabawa kama ndege ya kawaida. Ina mapanga juu yake yanayozunguka kwa kasi na kusukuma hewa chini, nayo ikainuka. Rubani hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Mkono wa kushoto unashika mtaimbo unaobadilisha pembe ya mapanga yote pamoja, helikopta ipande au ishuke. Mkono wa kulia unashika fimbo ya kuielekeza mbele, nyuma au kando. Miguu inakanyaga pedali mbili za mapanga madogo ya mkiani. Bila hayo madogo, mwili wote ungezunguka kinyume cha mapanga ya juu. Na ukigusa kimoja, vile viwili vingine navyo vinataka kurekebishwa papo hapo.

Tena kuna hesabu ya hewa. Mahali pa juu hewa ni nyepesi, na hewa ya joto pia ni nyepesi. Mzigo ambao helikopta inauinua kwa urahisi kule Mombasa asubuhi, huenda ikatatizika kuuinua adhuhuri kule Nanyuki, ambako Jeshi la Wanahewa lina kambi ya Laikipia, karibu mita 1,900 juu ya bahari. Kwa hiyo kabla ya kuinuka, rubani anajumlisha uzito wa watu, mizigo na mafuta, kisha anatazama joto na urefu wa mahali. Akikosea hesabu hiyo, hakuna kufuta kwa raba.

Ndiyo sababu alama za shule hutazamwa. Matangazo kadhaa ya ukadeti ya miaka iliyopita yametaka wastani wa B ya kawaida katika mtihani wa KCSE, pamoja na alama nzuri katika masomo kama Kiingereza na hesabu. Viwango hivi hubadilika, kwa hivyo soma tangazo la mwaka huo huo, si la mwaka jana.

Kwa watoto wa mtaala mpya, uamuzi huja mapema zaidi. Darasa la kwanza la mtaala huo liliingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, na kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua njia yake. Mwenye ndoto ya urubani anafaa kuchagua njia ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu. Wazazi, msiache uamuzi huo ufanywe kwa kufuata marafiki.

MWILI, MACHO NA MASIKIO

Matangazo ya miaka ya karibuni yametaja mambo haya kwa anayeomba ukadeti wa kawaida:

- Awe raia wa Kenya mwenye kitambulisho.
- Awe na umri wa kati ya miaka 18 na 26.
- Awe na urefu usiopungua mita 1.60, yaani futi 5 na inchi 3.
- Mwanamume awe na uzito usiopungua kilo 54.55, na mwanamke kilo 50.
- Mwanamke asiwe mjamzito wakati wa usajili na wa mafunzo.
- Asiwe na rekodi ya uhalifu.

Urefu hauongezeki kwa maombi wala kwa dawa. Lakini mambo mengine mengi yanategemea jinsi tunavyowatunza watoto wetu wakiwa bado wadogo.

Chukua masikio. Mtoto ana sikio linalotoa usaha, nasi tunasema, "Ataacha tu akikua." Kumbe ngoma ya sikio inatoboka na usikivu unapungua. Rubani husikiliza redio katikati ya kelele kubwa ya injini. Sikio lililoharibika katika umri wa miaka mitano linaweza kumfungia mlango akiwa na ishirini. Mpelekeni zahanati mapema.

Chukua macho. Rubani lazima aone mbali na atofautishe rangi, kwa sababu taa za ishara ni nyekundu, kijani na nyeupe. Wako watu wanaozaliwa bila kutofautisha nyekundu na kijani vizuri, hasa wavulana, na wengi hawajui mpaka wapimwe. Kipimo chake ni rahisi: kitabu chenye picha za vitone vya rangi. Ni afadhali kujua akiwa kidato cha pili kuliko baada ya kungoja miaka sita. Hospitali za macho kama ile ya Kikuyu, ya Sabatia huko Vihiga, na ya Kwale kule Pwani, zimewahudumia watu wa vijijini kwa miaka mingi. Kikundi kinaweza kupanga siku moja watoto wote wapimwe pamoja. Hata asiyetaka urubani atafaidika, maana wako watoto wanaoitwa wajinga darasani kumbe hawaoni ubao.

Meno nayo yatunzwe, na kijana aendelee na mazoezi ya kukimbia, kuogelea kama kuna mahali salama, na kubeba kazi za shamba. Bhangi, pombe haramu na sigara, hapana. Hakuna mazoezi ya wiki mbili yanayoweza kufuta mambo ya miaka mitatu.

HATI ZIWE TAYARI KABLA YA TANGAZO

Tangazo la jeshi hukaa muda mfupi tu. Vijana wengi wazuri huachwa nje si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa karatasi.

Tazameni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, kitambulisho kinasema vingine, hati ya KCSE ina herufi moja tofauti. Rekebisheni sasa, wakati hakuna haraka.

Tazameni hati yenyewe iko wapi. Hati nyingi bado ziko kabatini shuleni kwa sababu ya deni la karo. Serikali imeagiza mara kadhaa shule zisizuie hati za wanafunzi. Wazee wa kikundi wanaweza kwenda na mzazi, wazungumze na mwalimu mkuu kwa adabu, na wapange namna ya kulipa deni. Wazee watatu wakienda na mzazi husikilizwa kuliko mzazi akienda peke yake.

Siku hizi maombi ya ukadeti hutumwa kwa kompyuta, kupitia tovuti ya Wizara ya Ulinzi. Kama kijana anatumia saiba ya mjini, akae yeye mwenyewe mbele ya mashine, ajaze mwenyewe, asome tena kabla ya kutuma, kisha abaki na nakala. Asimwachie mtu kitambulisho na hati halisi "amjazie baadaye".

JINA SAFI NA KAZI ZINAZOONEKANA

Afisa anapewa watu na mali ya umma. Kwa hiyo wanaomhoji hutaka kujua: huyu amewahi kuongoza nini? Hapa kijana wa kijijini ana utajiri ambao hajui kama anao. Amekuwa kiranja? Ameweka hesabu za kikundi cha vijana bila kupoteza shilingi? Amesimamia mradi wa maji, akapanga zamu na watu wakazifuata? Hayo ndiyo majibu. Mpeni kazi ya kweli katika kikundi, mwacheni aifanye hadi mwisho, na muiandike katika kitabu cha kumbukumbu.

Tunaweza kujifunza jambo hapa kutoka Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Kule raia anaweza kuomba moja kwa moja nafasi ya mafunzo ya kurusha helikopta, hata kama hajawahi kuwa askari. Faili lake huwa na barua za watu wanaomfahamu, maelezo ya kazi alizofanya, na insha yake mwenyewe ya kueleza kwa nini anataka kuwa rubani. Kuna pia mtihani uitwao SIFT. Alama ya kupita ni 40, na mtu huruhusiwa kuujaribu mara mbili tu maishani. Ndiyo maana mwenye busara hufika pale amejiandaa.

Ingawa matangazo yetu hayadai barua hizo na insha hiyo, zoezi lenyewe ni zuri. Kijana aandike ukurasa mmoja: "Kwa nini nataka kuwa rubani wa jeshi." Kisha aombe watu watatu wanaomjua kwa kazi waandike walichokiona: mwalimu, kiongozi wa kikundi, mtu aliyewahi kumwajiri. Wasiandike tu, "Ni kijana mwema." Waandike, "Alitunza pampu yetu miaka miwili, na ilipoharibika usiku alikuja." Barua hizo zitamfanya ajijue, na siku ya mahojiano hatatafuta maneno.

Kwa wale walio na watoto Marekani, tuongeze maneno mawili. Nafasi hiyo ya urubani kule ni ya raia wa Marekani. Mwenye kadi ya kijani anaweza kuandikishwa askari wa kawaida, lakini si rubani, mpaka apate uraia. Awe hajapita siku yake ya kutimiza miaka 33 faili lake linapojadiliwa, na akihitimu atadaiwa miaka 10 ya utumishi. Nayo Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 78, inakataza mwanajeshi wa Kenya kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hivyo mwenye pasi mbili lazima achague ajiunge na jeshi gani kabla ya kuanza.

SABABU YA KWELI

"Kwa nini unataka kazi hii?" Wengi hujibu: mshahara, magwanda, ndege ni nzuri. Hayo si dhambi, lakini hayatoshi.

Kazi hii ina hatari, na familia iseme hivyo waziwazi. Tarehe 18 Aprili 2024, helikopta ya jeshi ilianguka katika kaunti ya Elgeyo Marakwet. Aliyekuwa Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alikufa pamoja na wanajeshi wengine tisa. Yeye mwenyewe alikuwa rubani wa miaka mingi. Hatusemi haya ili kuwatisha watoto. Tunasema ili mama na baba wakae na kijana jioni moja, wayazungumze, na kila mmoja aseme kilicho moyoni. Kijana aliyeshazungumza juu ya hatari nyumbani atajibu kama mtu mzima akiulizwa na wakubwa.

Na wasichana wasiachwe jikoni wakati wa mazungumzo hayo. Mwaka wa 2024, Meja Jenerali Fatuma Ahmed alikuwa mwanamke wa kwanza kukabidhiwa uongozi wa Jeshi la Wanahewa. Pia asiye na "mtu wake" Nairobi asikate tamaa. Kifungu cha 241 cha Katiba kinataka uongozi wa majeshi uonyeshe sura ya maeneo na makabila yote ya Kenya.

JE, TUCHANGE PESA ZA CHUO CHA URUBANI KWANZA?

Swali hili ni la maana, kwa sababu harambee za namna hiyo zinaweza kuimaliza familia. Leseni ya urubani wa kiraia hugharimu pesa nyingi mno, kwani kila saa ya kuwa hewani hulipiwa. Je, inahitajika ili mtu awe kadeti? Haihitajiki. Jeshi humfunza rubani wake tangu mwanzo, kwa gharama yake. Mwenye pesa zake na alipe akipenda. Lakini kikundi kisitumie akiba ya wajane kwa jambo ambalo jeshi halilidai. Pesa hizo hizo zikilipia vitabu vya fizikia na vipimo vya macho vya watoto ishirini, zimefanya kazi kubwa zaidi.

JIHADHARINI NA WAKORA

Hapa ndipo familia nyingi zimeumia. Mtu anakuja amevaa vizuri, anasema ana nafasi tatu za kadeti na moja imebaki. Anataka "kitu kidogo", nacho si kidogo hata kidogo. Shamba linauzwa, pesa zinatumwa kwa simu, na barua ya kuitwa inakuja na mhuri. Kijana anaagwa kwa sherehe. Akifika chuoni, barua inaonekana ni bandia, naye anakamatwa. Vijana wameshakamatwa namna hii kule Eldoret, wakiwa na barua za uongo mikononi. Pesa zimekwenda, shamba limekwenda, na sasa jina safi nalo limeingia doa.

Kujiunga na jeshi ni bure kabisa. Hakuna ada ya fomu, hakuna ya daktari, hakuna ya "kuharakisha faili". Na mjue kwamba chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, anayetoa na anayepokea wote wana hatia. Mtu akija na maneno hayo, msijadiliane naye bei. Pigeni ripoti polisi au kwa tume ya kupambana na ufisadi, EACC.

NA AKIKATALIWA?

Waombaji ni wengi na nafasi ni chache. Wazuri pia hukosa. Aliyekosa akiwa na miaka 19 bado ana miaka kadhaa ya kujaribu tena. Aulize nafsi yake alipungukiwa wapi, arekebishe hapo, na wakati huo asome au afanye kazi nyingine. Ndege za kiraia zinahitaji mafundi na waongozaji, na kiko chuo cha mambo ya anga cha Afrika Mashariki pale Embakasi, Nairobi. Masomo aliyosoma, afya aliyoitunza na jina lake safi havitapotea.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni watoto wangapi katika vijiji vyetu ambao hawajawahi kupimwa macho na masikio? Nani atakwenda kuzungumza na zahanati?
2. Ni hati ngapi za watoto wetu ziko bado shuleni? Tuziorodheshe.
3. Ni kazi gani ya kikundi tunaweza kumkabidhi kijana mmoja mwaka huu, awajibike nayo?
4. Mtu akija kesho na "nafasi ya jeshi" ya kuuza, tumekubaliana tutamjibu nini?